Wazazi wa Ghorofani: kesadiya za Jumamosi

ALHAMISI

[18:50] Mama Zawadi: Jamani habari za jioni. Jumamosi ndiyo hiyo. Watoto waliojiandikisha ni 14, wakubwa waliojibu ni wawili. Naomba tulimalize leo. Tunapika kesadiya za mboga tupu, yaani totiya (mkate mwembamba wa Meksiko kama chapati) inayokunjwa na jibini na mboga ndani, na kila mtoto anatengeneza yake kwa mkono wake.

[18:52] Mama Zawadi: Mahesabu haya hapa. Totiya 20: 14 za watoto, 6 za akiba maana zitachanika. Upana sentimita 20, inakunjwa nusu. Jibini gramu 40 kila moja, jumla 800, tununue kilo. Maharage ya kuponda vijiko vikubwa 2 kila moja. Hoho 4, mahindi matamu 4, parachichi 5, nyanya kilo 1, limau 4, kotimiri mafungu 2.

[18:53] Mama Zawadi: Nyama hakuna. Soseji hakuna. Na ile "kidogo tu ya kuonja" nayo hakuna.

[19:20] Baba Faraja: Supu ya kongoro je? 😂

[19:21] Mama Zawadi: Baba Faraja, nyama hakuna.

[19:21] Baba Faraja: Kongoro si nyama, ni kwato 😂😂

[19:25] Mama Kevin: 😂😂😂

[19:40] Mama Zawadi: Mmecheka wote, hakuna aliyesema analeta nini. Maharage lazima yalowekwe kesho usiku. Nani anachukua maharage?

[20:05] Dada Neema: Totiya nachukua mimi. Unga wa ngano gramu 600, chumvi kijiko cha chai 1 na nusu, mafuta vijiko vikubwa 5, maji ya moto yanayovumilika mkononi kama mililita 320, nayatia kidogo kidogo. Kanda dakika 8, gawanya madonge 20 ya gramu 50, funika kwa kitambaa kibichi nusu saa. Msiruke hiyo nusu saa. Donge lisilopumzika ukilisukuma linajivuta na kurudi, mtoto anakata tamaa kabla hajaanza.

[20:07] Dada Neema: Nitazichoma nyumbani asubuhi, kwenye chuma kikavu chenye moto mkali, sekunde 40 kila upande, zikitoa mapovu natoa. Nazirundika ndani ya taulo ili mvuke uzilainishe. Ikikauka, haikunjiki, inavunjika katikati.

[20:12] Mama Kevin: Si tungetumia chapati tu? Mimi naweza kusukuma 20 bila shida

[20:16] Dada Neema: Chapati zetu za tabaka zina mafuta ndani. Ukizirudisha motoni na jibini, mafuta yanatoka, tabaka zinaachana, vilivyomo vinakimbilia katikati ya tabaka. Mtoto anabaki na mikono inayoteleza. Labda usukume chapati kavu, bila kupaka mafuta wala kukunja.

[20:30] Anko Deo: Lakini Meksiko si wanatumia mahindi? Nina sembe kilo 5 hapa imekaa tu.

[20:38] Dada Neema: Wanatumia yote mawili, Anko. Kaskazini kule Sonora ni ngano, katikati na kusini ni mahindi. Ila mahindi yao huchemshwa kwanza na chokaa ya kula, yanalala humo usiku kucha, yanaoshwa, ndipo yanasagwa. Ile chokaa ndiyo inayofanya unga ushikane. Sembe haijapita huko. Ukiikanda na kuibana itakaa vizuri sufuriani, ukiikunja tu inapasuka.

[20:39] Baba Faraja: Sembe ibaki kwa ugali na kongoro 🙌

[20:40] Anko Deo: 😂 Sawa, nimeelewa

[20:41] Mama Zawadi: Maharage jamani. Nani?

[21:02] Mama Riya: Hamjambo wote. Kwa watoto wangu wawili na binamu zao wawili naleta rotli 6 mwenyewe, zile chapati zetu kavu za Kihindi, ni nyembamba na hazina shida kukunjika. Hao binamu hawali kitunguu wala kitunguu saumu, kwa hiyo maharage yao yatengwe kabla hamjatia chochote. Binzari nyembamba na chumvi vinatosha. Kama mtu atanunua totiya za pakiti, asome nyuma, maana kwa asili zile za ngano huwekwa mafuta ya nguruwe.

[21:04] Mama Riya: Jibini pia. Nyingi hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumboni mwa ndama. Tunayotaka imeandikwa kuwa ni ya walaji mboga, au kwamba kimeng'enya chake hakikutoka kwa mnyama. Kama pakiti haisemi kitu, tusiichukue.

[21:06] Dada Neema: Kweli kabisa. Na iwe mozarela kavu ya kipande, siyo ile laini inayoelea kwenye maji. Ile ya majini inalowesha kila kitu. Cheda changa au gauda pia zinayeyuka vizuri. Feta haiyeyuki, halumi haiyeyuki.

[21:08] Mama Riya: Paniri, jibini yetu ya Kihindi, ya nyumbani inagandishwa kwa limau tu, haina kimeng'enya. Lita 1 ya maziwa ikichemka, vijiko vikubwa 2 vya limau, unachuja kwa kitambaa. Ila nayo haiyeyuki, kwa hiyo haigandishi pande mbili. Ukikosa jibini unayoiamini, paka maharage mazito pande zote mbili kama gundi, paniri ikae katikati.

[21:10] Mama Zawadi: Hii ndiyo michango ninayoitaka. Asante Mama Riya. 🙏

[21:11] Mama Riya: Na kikaango kisiwe cha nyama. Mnajua kwa nini nasema.

[21:30] Mama Salma: Mama Riya, ya sambusa tulishayamaliza.

[21:31] Mama Riya: Mliyamaliza ninyi. Mimi sikuwepo kwenye kumaliza.

[21:33] Mama Salma: Zilikuwa kwenye sinia moja, za nyama na za nazi, nani angejua ipi ni ipi?

[21:33] Mama Riya: Ndiyo hilo hasa ninalosema dada yangu. Sinia moja.

[21:35] Baba Faraja: Jamani kwani zile za nazi zilikuwa zipi? Mi nilikula zote 🙈

[21:36] Mama Kevin: Baba Faraja tafadhali

[21:37] Ujumbe huu umefutwa

[21:37] Mama Salma: Umefuta nini Mama Kevin? Tumeshasoma

[21:44] Mama Zawadi: Tuendelee na Jumamosi jamani. Jiko. Anko Deo ana jiko la mkaa, tunaweza kuliweka uani karibu na bomba.

[21:58] Bibi wa Chini: Wanangu.

[21:58] Anko Deo: Shikamoo Bibi

[21:58] Mama Zawadi: Shikamoo Bibi

[21:59] Dada Neema: Shikamoo Bibi

[22:03] Bibi wa Chini: Marahaba. Kikaango kitatoka kwangu, kipya, hakijapikiwa kitu chenye roho. Watoto wa Mama Riya na wageni wake wapikiwe kwanza, wale wakiwa wamekaa. Wengine wafuate. Jiko la mkaa sitaki kuliona uani, liko usawa wa uso wa mtoto wa miaka mitatu. Gesi juu ya meza, ukutani, mtu mzima mmoja asiyeondoka. Mama Salma na Mama Riya, kesho baada ya Alasiri mje kwangu wote wawili.

[22:09] Mama Salma: Sawa Bibi.

[22:10] Mama Riya: Sawa Bibi. Nitakuja.

[22:11] Anko Deo: Jiko nimelirudisha stoo

IJUMAA

[06:40] Mama Zawadi: Asubuhi njema. Kwa kuwa Bibi ameshasema, napanga kazi kwa umri, mtu asinibadilishie siku yenyewe.
Miaka 3 na 4: kuponda maharage kwa uma, kuchambua kotimiri, kunyunyiza jibini.
5 hadi 7: kukwaruza jibini kwa kile kikwaruzo cha karoti, kukata hoho kwa kisu butu, kuponda parachichi, kukunja.
8 na kuendelea: kugeuza kwenye kikaango, mmoja mmoja, mkubwa yuko pembeni.

[06:52] Dada Neema: Jibini ikae friza dakika 20 kabla ya kukwaruzwa, inakuwa ngumu na haibonyei. Na kipande kikibaki kidogo kuliko kidole gumba, mkubwa anamalizia. Vidole vya watoto huumia kwenye kile kipande cha mwisho. Msinunue iliyokwaruzwa tayari, huwa imepakwa wanga isishikane, ikiyeyuka inakuwa na chengachenga.

[07:15] Mama Kevin: Mahindi ya punje kwa wale wa miaka 3?

[07:19] Dada Neema: Yapondwe pamoja na maharage. Punje nzima waachie wakubwa.

[07:20] Dada Neema: Kinachoharibu kesadiya za mboga kuliko vyote ni maji. Hoho na mahindi vikaangwe kwanza mpaka kikaango kikauke kabisa, visikilizwe: vikianza kulia kwa ukali badala ya kutokota, tayari. Mchicha ukiwepo uchemshwe, ukamuliwe kwa mkono mpaka usidondoshe. Nyanya zitolewe mbegu, na ziende kwenye kachumbari, zisiingie ndani. Maharage uyageuze kijikoni: yakianguka upesi, bado yana maji, yarudishe motoni.

[07:24] Dada Neema: Kupanga: jibini nusu chini, maharage na mboga juu yake, jibini nusu nyingine juu, zote upande mmoja tu wa totiya. Acha ukingo upana wa kidole bila kitu. Jibini ndiyo inayoshika kifuniko. Ukiiweka yote chini, juu hakishiki, mtoto akigeuza vinamwagika vyote. Maharage na mboga kwa pamoja visizidi vijiko vikubwa 4. Watoto watataka 8. Wakatalieni kwa upole.

[07:26] Dada Neema: Moto chini ya wastani, kikaango kikavu bila mafuta, dakika 2 hadi 3 kila upande. Moto ukiwa mkali totiya inaungua na jibini ndani bado baridi. Angalieni ukingo: jibini inachungulia, inatoa kipovu kimoja, halafu inaganda kahawia na kuwa kama kamba ndogo. Hapo geuza, kwa kuelekea upande uliokunjwa, siyo ule ulio wazi.

[07:27] Dada Neema: Ikitoka, ikae juu ya ubao dakika 2. Jibini iliyoyeyuka inachoma ulimi kuliko uji. Kata vipande 3 kwa mkasi safi wa jikoni, ni salama na haisukumi vilivyomo nje kama kisu.

[07:40] Anko Deo: Neema tuandikie kitabu kabisa 👏

[07:41] Baba Faraja: Mi nitakuwa kwenye idara ya zilizochanika. Zisitupwe hata moja 😋

[07:42] Mama Zawadi: Baba Faraja utakuwa kwenye idara ya jiko. Mtu mzima mmoja asiyeondoka. Ndiyo wewe.

[07:43] Baba Faraja: 😳

[07:43] Mama Kevin: 😂😂😂 amepatikana

[12:10] Mama Zawadi: MAHARAGE. Nani? Nusu kilo tu. Yalowekwe saa 8 au zaidi, maji hayo yamwagwe. Maji mapya, yatokote kwa nguvu nusu saa ya kwanza, ndipo mpunguze moto mpaka yaive. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha, na moto mdogo usiotokota hauiondoi. Msiyatie kwenye lile jungu la umeme la moto wa polepole.

[12:11] Mama Zawadi: Wameona watu 19. Sijajibiwa.

[15:30] Mama Kevin: Samahani nauliza. Mdogo wake Kevin maziwa yanamdhuru, anavimba mdomo. Yake iwe ya maharage tu, si inawezekana?

[15:38] Dada Neema: Inawezekana, maharage yanashika vizuri, weka na parachichi baada ya kutoka motoni. Lakini kikaango hakitoshi. Ubao wake, mkasi wake, na mikono. Watoto 13 watakuwa na jibini vidoleni hadi viwiko. Yake ipikwe ya kwanza kabisa kabla jibini haijafunguliwa, na awe na meza yake. Uje na dawa yake pia.

[15:40] Mama Zawadi: Bibi amesema wa Mama Riya ndio wa kwanza.

[15:44] Dada Neema: Ya maharage tu haina nyama wala kitunguu. Haiwezi kuwachafulia.

[15:45] Mama Zawadi: Najua. Lakini aulizwe Bibi. Mama Kevin, utashuka umwambie?

[16:50] Mama Riya: Tumetoka kwa Bibi sasa hivi. Mtoto wa Mama Kevin atangulie, mimi sina neno, nimemwambia Bibi naye amekubali. Jibini nimepata kilo 1, imeandikwa vizuri.

[16:52] Mama Zawadi: Mungu akubariki. Na Mama Salma?

[16:52] Mama Riya: Amebaki na Bibi.

[17:30] Anko Deo: Ni saa nne asubuhi au jioni? Faraja ananiambia jioni

[17:31] Mama Zawadi: Saa nne ASUBUHI.

[17:33] Baba Faraja: Asubuhi nina mpira wa mtaani 🥺 tuseme saa nane?

[17:34] Mama Zawadi: Totiya za Neema zitakuwa zimekauka saa nane. Saa nne.

[20:15] Mama Salma: Nimeona ujumbe sasa. Maharage nimeshayaloweka tangu saa kumi na moja, nusu kilo, kitunguu sitatia kabisa. Gesi naweza kuleta mtungi wangu mdogo ila nimeutikisa, naona umebaki kidogo. Kuna mwenye mwingine?

[20:40] Mama Zawadi: Nani ana mtungi?

[21:25] Mama Zawadi: Jamani, mtungi.