Mwanangu kawekwa beki kwenye lakrosi, nimwonyeshe nani?

MamaNasra: Habari zenu. Tuko Ontario mwaka wa tatu. Kijana wangu wa miaka 12 kaanza lakrosi, ule mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, kocha kamweka beki. Juzi karudi na fimbo ndefu kumzidi yeye, ikabidi tulaze viti vya gari ndiyo iingie. Analalamika beki hafungi wala hatajwi. Mpira ninaoujua mimi ni wa miguu, wa uwanja wa Mkwakwani, Tanga. Kuna beki aliyestaafu nimwonyeshe?

BabaJuma_Brampton: Dada, mtafutie Brodie Merrill. Kakulia Orangeville, si mbali na nyie. Kasoma Georgetown, na 2005 akapewa tuzo ya beki bora wa vyuo vya Marekani. Mwaka huohuo timu ya Portland LumberJax ikamchagua wa kwanza kati ya wachezaji wapya wote wa NLL, ligi ya lakrosi ya ndani ya ukumbi. 2006 akawa mchezaji mpya bora.

Mimi ninachomsifia ni hiki: kwenye lakrosi ya nje, ya nyasi, beki anashika fimbo ya futi sita, anamchokonoa mshambuliaji kwa mbali. Ligi ya ndani inachezwa kwenye kiwanja cha hoki, barafu imefunikwa zulia, na humo beki hana ruhusa ya fimbo ndefu. Unabaki na miguu na kifua. Merrill kaziweza zote mbili. Kapita Portland, Edmonton, Philadelphia, Toronto, akamalizia San Diego.

Halafu kijana asihesabu mabao, atazame mpira ukidondoka. NLL wanahesabu mipira ya kuokota, na huyu bwana aliwapita wote waliomtangulia. Anakunja magoti, anainama, mgongo kwa adui, fimbo inakwaruza zulia, ukigeuka kashakimbia nao.

MamaNasra: Asante kaka. Na kombe je? Huyu bila kombe haelewi kitu.

BabaJuma_Brampton: Mawili ya dunia, na Kanada. 2006 pale London (ya Ontario, usije ukatafuta Uingereza) waliwafunga Marekani 15-10, watu waliokuwa wanalibeba tangu 1982. Tena Denver 2014, 8-5.

Kato_UG: Denver hiyohiyo Uganda tulikuwepo, timu ya kwanza kutoka Afrika. Mwambie na hilo!

MamaNasra: Nimemwambia. Kaangalia video tatu, sasa yuko sebuleni na mpini wa ufagio anaokota mpira wa tenisi. Taa ya mezani imeshakwenda.