Je, piano ya wapita njia inaweza kudumu katika stesheni ya TAZARA Mbeya?

Mwalimu wa kwaya, Mbeya
Habari zenu ndugu zangu. Wanakwaya wangu karibu wote wamejifunzia kinanda cha umeme, na piano ya nyuzi hawajawahi kuigusa. Tangu msanii Luke Jerram alipoweka piano 15 katika mitaa ya Birmingham, Uingereza, mwaka 2008, desturi ya kuacha piano mahali pa wazi ili anayetaka apige imeenea, na katika stesheni ya St Pancras, London, ipo iliyotolewa na Elton John mwaka 2016. Sasa kuna familia inayohama ambayo iko tayari kutupatia piano yao bila malipo, nami natamani kuuomba uongozi wa stesheni yetu uipokee. Je, itadumu? Na abiria wataifurahia?

Fundi wa vinanda, Iringa
Mwalimu, wazo lako ni zuri, ila usipokee kabla haijakaguliwa. Ndani ya piano mna nyuzi zipatazo 230, ambazo kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya tani nyingi, na kila uzi umekazwa kwenye kigingi cha chuma kilichopigiliwa katika ubao. Ubao huo ukishalegea, fundi atakaza leo na kesho sauti zitakuwa zimeshuka tena. Piano ya namna hiyo, hata ukipewa bure, ni mzigo.

Jambo la pili ni hali ya hewa yetu. Katika miezi ya mvua mbao hunyonya unyevu na kuvimba, kisha kiangazi hunywea, na sauti hufuata mbao. Iwekeni ndani ya ukumbi, mbali na mlango na jua la dirishani, na muirekebishe angalau mara mbili kwa mwaka. Mkishaihamisha, iacheni wiki chache izoee mahali pake ndipo mwite fundi.

Msafiri wa Makambako
Mwalimu, mimi sijui kupiga, lakini kukaa stesheni nakujua. Nadhani huko London wengi hupita wakiwa na haraka, wakasikia kidogo na kwenda zao. Sisi treni ya abiria haipiti kila siku, kwa hiyo tunawahi ili tusiachwe, na tunakaa saa nyingi pamoja na mizigo na watoto waliolala juu ya kanga. Mtu akirudia kipande kimoja kwa saa mbili, hatuna pa kukimbilia. Wekeni muda wa kupokezana, na tangazo la treni likianza mpigaji anyamaze. Hata hivyo, siku moja kijana aliyekuwa na gitaa alianzisha wimbo wa ibada, na akina mama wasiofahamiana wakaupokea kwa sauti nne kama kwaya moja. Kwa ajili ya saa kama ile, nasema ileteni.

Mwalimu wa kwaya, Mbeya
Asanteni sana. Barua kwa uongozi itasubiri ukaguzi wa vigingi. Fundi, nitakutafuta ili tupange siku ya kuja. Nitapendekeza kifuniko kifungwe usiku, na vijana wa kwaya wapokezane kutunza ufunguo, maana wao ndio watakaokuja kujifunza hapo kila Jumamosi.