Asubuhi ya Krismasi: mikate ya mdalasini au mkate wa mayai?

Kikombe2: Wadau, nataka kitu cha kuandaa usiku wa mkesha, asubuhi niwashe oveni tu. Nimebaki na viwili: mikate ya mdalasini ya kuviringisha, au vipande vya mkate vilivyolowekwa kwenye mayai na maziwa. Kipi?

MwikoMrefu: Watu wangapi? Oveni ngapi? Mnakula saa ngapi? Hujasema lolote.

UngaMweupe: Mdalasini, hakuna mjadala. Unga gramu 500, maziwa mililita 250, siagi gramu 80, sukari gramu 60, yai 1, chumvi gramu 8, hamira gramu 5. Usimwage pakiti nzima, maana unga unalala friji usiku kucha. Kanda, uumuke, viringisha, kata 12, funika, weka friji. Asubuhi toa saa moja kabla. Oveni nyuzi 180, dakika 25.

Kikombe2: Saa moja asubuhi au lisaa limoja?

UngaMweupe: Lisaa limoja 😂

MwikoMrefu: Jiko likiwa na baridi, lisaa hilo halitoshi. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi haraka, bado. Ukilazimisha, juu kahawia, katikati mbichi.

SufuriaNzito: Mayai ndiyo salama: mayai 8, maziwa mililita 600, mkate gramu 450. Wanaolalamika kuwa umetoka uji wametumia mkate wa leo. Kausha vipande kwanza, nyuzi 150, dakika 15. Ukiongeza uyoga, spinachi au nyanya, kaanga kwanza mpaka maji yaishe, la sivyo yatatoka humo humo ndani. Halafu juu hupata rangi mapema, mtu anatoa, akikata anakuta supu. Pima katikati, ifike nyuzi 71. Na bakuli la kioo lisitoke friji kuingia kwenye oveni ya moto. Linapasuka.

JikoMoja: Hamira mbona hamuiloweki?

UngaMweupe: Ya chenga ndogo inaingia kwenye unga moja kwa moja. Ya punje kubwa ndiyo hulowekwa, kwa maziwa vuguvugu. Yakiwa yanafuka mvuke umeshaiua.

Kikombe2: Tuko 9, oveni moja, kuku anaingia saa nne.

SufuriaNzito: Hilo ndilo la kuanza nalo! Mayai yanataka dakika 50.

MwikoMrefu: Na mdalasini 12 kwa watu 9, tatu za ziada nani atagawa?

JikoMoja: Sukari ya juu mnamwaga mikate ikiwa ya moto?

UngaMweupe: Subiri dakika 10, isiyeyuke yote.

Kikombe2: Na zabibu kavu ndani?

SufuriaNzito: Usianze.