Tiketi za Alhambra, pasi mpya na safari ya Granada hadi Lisbon

Kutoka: Mama Zuhura, Ujerumani

Ndugu zangu, salaam aleikum na habari za siku nyingi.

Tunatarajia kwenda Granada na watoto, kisha tuendelee hadi Lisbon. Tiketi za Alhambra, ile ngome ya kale ya Waislamu pale Granada, nilizinunua mapema, maana nafasi za kuingia majumba ya Wanasri, wafalme wake wa zamani, huisha upesi, na kila tiketi imeandikwa jina na nambari ya pasi. Baada ya kununua nilipata pasi mpya, kwa hiyo nambari yangu imebadilika. Juu ya hayo kadi yangu ya ukaazi imeisha muda, na ofisi ya wageni ya mji wetu imenipa FB (Fiktionsbescheinigung, karatasi ya muda wakati kibali kipya kinashughulikiwa) na kuniambia nisubiri barua. Nilipomuuliza karani kama naweza kusafiri nayo, alinijibu kwamba yeye si wakala wa utalii. Naomba kujua: je, mlangoni Alhambra watanikubalia tiketi yenye nambari ya pasi ya zamani?

Kutoka: Baba Idrisa, Ujerumani

Mama Zuhura, kabla hujafika kwenye mlango wa Alhambra, fungua ukurasa wa tatu wa hiyo FB utazame ni kisanduku kipi kimetiwa alama. Kikiwa ni kile cha kifungu cha 81(4) cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani, kinachosema kibali chako cha awali kinahesabiwa kuwa bado kinaendelea, unaweza kutoka na kurudi, mradi ubebe pia pasi na kadi iliyoisha muda. Kikiwa ni cha 81(3), ukitoka hutaruhusiwa kurudi kwa karatasi hiyo. Mke wangu alizuiwa uwanja wa ndege kwa sababu kadi ya zamani aliiacha nyumbani akidhani haina kazi tena, na ndege ikaondoka bila yeye.

Kutoka: Shemeji Omari, Uswidi

Mimi ningekushauri upitie Madrid. Jumba la makumbusho ya sanaa la Prado ni bure saa mbili za mwisho kila siku, yaani kuanzia saa kumi na mbili jioni Jumatatu hadi Jumamosi, na saa kumi na moja Jumapili, na hakuna anayekuuliza kibali wala nambari ya pasi. Mstari ni mrefu lakini unakwenda. Ukifika Lisbon, majumba yote ya makumbusho ya serikali ni bure siku ya Jumapili.

Kutoka: Mwanaisha, Ureno

Shemeji, tafadhali tusiwapotoshe watu. Utaratibu huo wa Jumapili ulikuwa wa wakazi wa Ureno, na tangu Agosti 2024 umebadilishwa: mkazi wa Ureno ana siku 52 za bure kwa mwaka, siku yoyote apendayo. Mgeni kutoka Ujerumani au Uswidi atalipa, hata akiwa na kibali cha Ulaya cha miaka kumi. Pia asipange Jerónimos, ile monasteri ya Belém mjini Lisbon, siku ya Jumatatu, maana hufungwa.

Lakini Mama Zuhura, ukifika Lisbon usiishie Jerónimos kupiga picha kwenye kaburi la Vasco da Gama kama wafanyavyo wageni wote. Nenda makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, uulize ilipo Custódia de Belém. Ni chombo cha kanisa cha kuwekea hostia, cha dhahabu na rangi za enameli, chenye mitume kumi na wawili waliopiga magoti. Kwenye kitako chake pameandikwa kwamba Mfalme Manuel wa Ureno aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi hiyo mwaka 1502, na mwaka 1505, Kilwa ilipogoma kuendelea kulipa, akaja Almeida, kamanda wa Kireno, na jeshi lake wakaupora mji. Mimi nilisimama pale nikiwa na watoto wa shule ya mtaani kwetu, na mwalimu wao hakutaja Kilwa hata mara moja.

Kutoka: Mzee Hamadi, Hispania

Mwanaisha umenigusa. Mimi kila nikiingia Alhambra naona kwetu: plasta iliyochongwa, vidaka ukutani, na maandishi ya Kiarabu ambayo wengi wetu tuliosoma chuoni tunaweza kuyafuata kwa kidole huku Wahispania wenyewe wakipita tu. Maneno «wa la ghaliba illa Allah», yaani hakuna mshindi ila Mungu, yamerudiwa kuta nzima, na kwenye bakuli la chemchemi ya simba kuna shairi la Ibn Zamrak. Husuni Kubwa, jumba la masultani wa Kilwa, nayo ni ya karne hiyo hiyo ya 14, na ilikuwa na birika lake la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na Granada kiasi cha miaka ishirini baadaye. Tofauti ni kwamba hapa wameajiri mafundi wa plasta kila mwaka, na kule kwetu mikoko na mawimbi ndiyo mafundi.

Kutoka: Baba Idrisa, Ujerumani

Basi kwa nini serikali yetu haijakidai chombo hicho? Wengine wanadai sanamu zao, sisi tunatuma wajumbe kwenye maonyesho ya utalii.

Kutoka: Mwanaisha, Ureno

Kukidai si jambo la kuropoka barazani. Dhahabu ni ya Kilwa, lakini kazi ya mikono ni ya sonara wa Lisbon, na watakujibu hivyo. Mimi ningeanza na kibao cha maelezo chenye jina la Kilwa kwa herufi kubwa.

Kutoka: Mama Zuhura, Ujerumani

Nawashukuru sana. Nimetazama, kisanduku changu ni cha 81(4). Ila kuhusu nambari ya pasi kwenye tiketi?

Kutoka: Shemeji Omari, Uswidi

Na dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na Kilwa ilishika biashara tu. Siku mkiidai, wenzetu wa kusini nao watapanga mstari nyuma yenu.