Ulinganisho: Kocha mkubwa aahirishe kustaafu, aondoke jumla, au apumzike kisha arudi akiitwa?

Refa Mstaafu ameandika:

Ndugu wanajamvi, salaam. Juzi kijiweni, kahawa ikiwa imeshapoa vikombeni, tulibishana juu ya kocha ambaye umri umemfikia au nguvu zimemwishia. Je, aage moja kwa moja, aahirishe kustaafu, au apumzike na kurudi pale klabu itakapomlilia? Kila mtu alikuwa na kocha wake wa kumtolea mfano na hakuna aliyemsikiliza mwenzake, ndiyo maana nimeuleta ubishi huu hapa, ambapo mtu hulazimika walau kusoma kabla ya kujibu.

Ninaanza na Sir Alex Ferguson kwa kuwa yeye alizijaribu njia mbili. Msimu wa 2001/02 ulipoanza, Manchester United nzima ilikwisha kujua kwamba ndio wa mwisho wake, kwani angetimiza miaka 60 tarehe 31 Desemba 2001. Agosti ile alimuuza Jaap Stam kwa Lazio, uamuzi ambao mwenyewe alikuja kukiri kuwa ni kosa, na mwanzoni mwa Desemba timu ikafungwa nyumbani Old Trafford mabao 3-0 na Chelsea, kisha bao 1-0 na West Ham, yote ndani ya siku nane. Ferguson aliamini kwamba tangazo lenyewe ndilo lililoilegeza timu, kwa sababu mchezaji anayejua kwamba mwalimu hatakuwepo Agosti ijayo hana sababu ya kumwogopa Machi. Februari 2002 akatengua uamuzi na kukubali mkataba wa miaka mitatu. Wakati huo alikuwa na ubingwa wa ligi mara 7. Kufikia 2013 alikuwa nao mara 13, pamoja na Ligi ya Mabingwa aliyoichukua Moscow mwaka 2008. Alipoondoka safari ya pili, habari ilitolewa tarehe 8 Mei 2013, ubingwa ukiwa umeshapatikana kwa tofauti kubwa na zikiwa zimebaki mechi mbili tu.

Kinyume chake ninamweka Kenny Dalglish. Aliachia ngazi Liverpool mwezi Februari 1991, siku mbili baada ya sare ya 4-4 na Everton, timu ikiwa kileleni mwa ligi na yeye akiwa amechoka mwili na roho, miaka miwili hata haijatimia tangu maafa ya uwanja wa Hillsborough, ambako mashabiki wa Liverpool walikufa kwa kusongamana. Aliporejeshwa Januari 2011 mashabiki waliimba hadi sauti zikawakauka. Alileta Kombe la Ligi la 2012 na kuifikisha timu fainali ya Kombe la FA, lakini katika ligi alimaliza nafasi ya 8, na Mei hiyohiyo akaonyeshwa mlango.

Msimamo wangu basi ni huu: anayeweza kuahirisha na aahirishe bila kumtangazia mtu, na aliyekwisha kuaga asirudi kuubisha mlango. Nawasilisha.

Ugenini Köln amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Nimeishi Ujerumani miaka kumi na minne, na mfano ulioukwepa ndio unaoivunja hoja yako pande zote mbili, nao ni wa Jupp Heynckes.

Tuanze na hilo la kutangaza mapema. Januari 2013 Bayern München ilitangaza hadharani kwamba Pep Guardiola atachukua timu kuanzia Julai. Heynckes alikuwa bado kazini, na kila mchezaji alijua kuwa mzee anahesabu miezi. Kwa kanuni yako, timu ingelegea. Badala yake Bayern ilimaliza ligi na pointi 91, ikaifunga Dortmund 2-1 Wembley katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, kisha ikachukua na Kombe la Ujerumani, yaani makombe matatu ndani ya wiki chache, chini ya kocha ambaye mrithi wake alikwisha kutajwa miezi mitano kabla.

Sasa njoo kwenye kurudi. Heynckes alikwenda kwake mashambani, akakaa na mkewe na mbwa wake miaka minne. Oktoba 2017, baada ya Carlo Ancelotti kutimuliwa kufuatia kipigo cha 3-0 mjini Paris, rais wa klabu Uli Hoeneß, rafiki yake wa tangu ujanani, akampigia simu. Mzee alikuwa na miaka 72. Bayern ilikuwa nyuma ya Dortmund kwa pointi 5. Mechi ya kwanza aliifunga Freiburg 5-0, mwanzoni mwa Aprili akawa bingwa, na msimu ukaisha akiwa mbele ya Schalke kwa pointi 21. Ukweli ni kwamba alitolewa na Real Madrid katika nusu fainali, na katika fainali ya kombe alifungwa 3-1 na Eintracht Frankfurt ya Niko Kovač, mtu yuleyule aliyekwisha kuteuliwa kumrithi. Wajerumani walicheka sana siku ile, mimi nikiwa mmoja wao. Hata hivyo, kwa hesabu yoyote utakayotumia, kurudi kule huwezi kukuita kuubisha mlango.

Beki Tatu amejibu:

Ndugu Ugenini, mfano mmoja hauvunji kanuni. Jürgen Klopp alitangaza tarehe 26 Januari 2024 kwamba ataondoka Liverpool kwa kuwa nishati inamwishia, na wakati huo timu ilikuwa inaongoza ligi na bado iko katika mashindano yote manne. Kilichofuata tulikiona: Kombe la Ligi walilichukua Februari, halafu wakatolewa Kombe la FA na United kwa 4-3, wakachapwa 3-0 nyumbani kwao Anfield na Atalanta, na ligi wakamaliza nafasi ya 3. Majeruhi walikuwa wengi, ninakubali, na hata fainali ile ya Februari ilimalizwa na vijana wa akademi. Lakini mtu asiniambie kwamba wimbo wa kumuaga kocha, ukiimbwa kila Jumamosi kwa miezi minne, haumwingii mchezaji kichwani.

Mwalimu wa Daraja la Pili amejibu:

Naomba niseme kama mtu wa kazi hiyo, ingawa ngazi yangu ni ya chini mno kulinganisha na majina yaliyotajwa. Nimefundisha mpira miaka kumi na tisa. Niliacha kwa sababu ya mgongo na kwa sababu nyingine nisizopenda kuzieleza, na baada ya misimu miwili timu niliyoiacha ikaniita tena ikiwa mkiani. Sitaitaja.

Siku ya kwanza nilifika saa kumi jioni na mfuko wangu wa koni. Kufuli la stoo lilikuwa limebadilishwa na ufunguo hakuwa nao mtu yeyote pale, kwa hiyo tulianza mazoezi na mipira mitatu. Hilo ni dogo. Kilichonistua kilikuja dakika chache baadaye, nilipopuliza filimbi na kumwambia nahodha awapange wenzake makundi mawili. Kabla hajasogea alimtupia jicho kocha msaidizi, kijana aliyekuwa ameishika timu kwa wiki tatu kabla yangu. Msaidizi akaitikia kwa kichwa kidogo, ndipo nahodha akaenda. Haikuchukua hata sekunde mbili, na sidhani kama wao wenyewe waliona walichokifanya, lakini mimi niliyeiacha timu ile ikinitii kwa kunyanyua kidole tu nilielewa kwamba nimerudi nikiwa mgeni.

Kwa hiyo ninaona mnapimana kwa kalenda, ilhali suala ni amri. Heynckes wa 2017 aliwakuta Thomas Müller, Arjen Robben, Franck Ribéry na Javi Martínez, watu waliobeba naye makombe ya 2013 na waliojua sauti yake inapopanda ina maana gani, na akarudi na msaidizi wake wa zamani Peter Hermann. Dalglish wa 2011 aliwakuta vijana ambao wengi wao walimjua kwa picha za ukutani. Alikuwa na heshima ya mashabiki wote wa jukwaa la Kop, lakini ile ya chumba cha kubadilishia nguo alipaswa kuijenga upya, mchezaji mmoja baada ya mwingine. Nikiulizwa leo na kocha anayetaka kurudi, swali langu la kwanza litakuwa ni wachezaji wangapi wa kikosi cha kwanza waliowahi kufundishwa naye. Kama hawafiki watano, ajue anaanza kazi mpya, na ajiulize kama mgongo wake unaweza.

Mama Kona amejibu:

Kaka zangu, mnaongea kana kwamba kocha anaishi uwanjani. Uamuzi wa Ferguson wa 2002 haukufanyika Old Trafford, ulifanyika nyumbani kwake. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba wakati wa Krismasi ya 2001 alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye kochi, mkewe Cathy akaja kumpiga teke mguuni kumwamsha na kumweleza kwamba wamekaa kikao na watoto wote watatu, na wameamua kwamba hastaafu. Sababu zake zilikuwa fupi: afya yake ni nzuri, bado hajazeeka, na yeye Cathy hayuko tayari kushinda naye nyumbani kutwa. Hicho ndicho kikao cha bodi kilichozaa makombe yote hayo mliyoyahesabu.

Na aliyemwondoa ni yuleyule. Oktoba 2012 Cathy alifiwa na dada yake, Bridget, aliyekuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote, na Ferguson akaona kwamba safari hii mtu anayemhitaji yuko nyumbani. Hakutimuliwa na umri wala matokeo, maana timu ilikuwa inaelekea kwenye ubingwa. Mzee Refa, unaposema aahirishe bila kumtangazia mtu, mke ni mtu.

Niongeze na la afya, kwa sababu mwili nao una kauli. Kocha Mwitaliano Arrigo Sacchi aliitwa tena na klabu ya Parma Januari 2001 na hakumaliza mwezi. Msongo wa mawazo ulimlemea hata aliposhinda, naye akaacha. Kuna wito ambao jibu lake zuri ni kumpa anayekuita namba ya simu ya mtu mwingine.

Kipa wa Akiba amejibu:

Naunga mkono, na ninaleta jozi moja ambayo naona inaonyesha jambo hili wazi zaidi, kwa kuwa wote wawili walirudi nyumbani kwao wakiwa na miaka zaidi ya 70.

Claudio Ranieri aliaga Mei 2024 baada ya kuinusuru Cagliari isishuke daraja. Novemba mwaka huohuo Roma, klabu ya jiji alimozaliwa na aliyoishabikia tangu utotoni, ikamwita akiwa na miaka 73. Alikuwa kocha wa tatu wa msimu uleule, baada ya Daniele De Rossi na Ivan Jurić, na timu ilikuwa ya 12. Aliimalizia nafasi ya 5, pointi moja tu nyuma ya Juventus walioingia Ligi ya Mabingwa. Tangu siku ya kwanza ilijulikana kwamba mwisho wa msimu ataondoka benchi, na kweli aliondoka akawa mshauri; hata Italia ilipomtaka kwa timu ya taifa Juni 2025, alikataa.

Roy Hodgson naye alirudi Crystal Palace Machi 2023 akiwa na miaka 75, timu ikiwa haijashinda mechi hata moja tangu mwaka uanze. Katika mechi 10 alivuna pointi 18 na kumaliza nafasi ya 11. Angeaga siku ile, leo tungemtaja pamoja na Heynckes. Akaongeza msimu. Matokeo yakaharibika, mashabiki wakaanza kunung'unika, Februari 2024 akaugua mazoezini na siku chache baadaye akaachia kazi. Mtu ni yuleyule, klabu ni ileile na wachezaji karibu ni walewale. Kilichobadilika ni mkataba tu.

Refa Mstaafu amejibu:

Marahaba kijana wa Köln, na ahsanteni nyote. Ninakubali kurudi nyuma hatua mbili, si zote.

Kwanza, sitasema tena kwamba aliyeaga asirudi. Mifano ya Heynckes na Ranieri, na ile miezi miwili na nusu ya kwanza ya Hodgson, inanionyesha kwamba kurudi kwa miezi michache, kwenye klabu ambayo mtu anaijua mpaka harufu ya nyasi zake, ni kazi tofauti kabisa na kurudi kujenga timu. Anayekuja kupanga fanicha hahitaji nguvu za anayekuja kujenga msingi. Hoja ya Mwalimu kuhusu nahodha aliyetupa jicho pembeni nimeisoma mara tatu. Miaka niliyoshika filimbi niliwaona makocha wengi wakipiga kelele mstarini huku wachezaji wakimtazama mtu mwingine, wala sikuwahi kulipa jina jambo lile.

Lakini kwa kocha ambaye bado yuko kazini na bado ana amri, ninabaki kwa Ferguson wa 2002. Ndugu Ugenini, Bayern ya 2013 ilitajiwa mrithi, na mrithi huyo alikuwa Guardiola. Mchezaji aliyetaka kubaki ilimpasa kukimbia ili aonwe. United ya vuli ya 2001 haikuwa na jina la kumwogopa, ilikuwa na tarehe tu. Hapo ndipo ninapoiona tofauti, wala si katika kutangaza peke yake. Kuhusu mke, Mama Kona, nimekuelewa, na wa kwangu amesoma jibu lako akiwa nyuma ya kiti changu.

Beki Tatu amejibu:

Mzee Refa, kabla mada haijafungwa ongezea hili kwenye daftari lako. Kama Ferguson asingetengua uamuzi wake, mechi yake ya mwisho ingekuwa nyumbani na Charlton mwezi Mei 2002, siku chache baada ya Arsenal kusherehekea ubingwa juu ya nyasi zake, na mechi hiyo iliisha 0-0. Aliyoipata badala yake, tarehe 19 Mei 2013 ugenini kwa West Brom, iliisha 5-5, na hadi zikibaki kama dakika kumi alikuwa anaongoza 5-2.