Haibridi, chuma kirefu au wudi namba 7: ipi inamfaa mchezaji wa gofu wa mwishoni mwa juma?

NyandaZaJuu:
Ndugu wanagofu, naomba tulinganishe fimbo zinazojaza nafasi iliyopo kati ya wudi namba 5 (fimbo ndefu yenye kichwa kinene) na chuma namba 6 (fimbo yenye kichwa chembamba cha chuma), kwa mchezaji mwenye handikapu ya 20 hivi, yaani anayezidisha takriban mapigo 20 juu ya kiwango cha uwanja, ambaye hana muda wa mazoezi ya kila siku. Mimi hucheza zaidi Nairobi na Limuru, ambako nyasi za kikuyu huubeba mpira vizuri kwenye feawei, njia ya nyasi fupi inayoelekea shimoni, lakini hukamata kichwa cha fimbo mara tu mpira unapotoka nje yake. Ninafikiria vyuma namba 4 na 5 vya kawaida, au haibridi mbili (fimbo chotara kati ya chuma na wudi) badala yake, au wudi namba 7 pamoja na haibridi moja. Kwa kuwa kanuni zinaruhusu fimbo 14 tu mkobani, naomba hoja zenu ziwe na sababu.

FundiWaFimbo:
Karibu, ndugu. Kwa handikapu hiyo ningechagua haibridi bila kusita, na sababu iko katika umbo la kichwa chake. Chuma kirefu kina uso mwembamba na uzito wake umekaa karibu na uso huo, hivyo kinahitaji mwendo wa kasi na pigo la katikati kabisa ili mpira upande. Haibridi ina kichwa chenye uwazi ndani, kitako kipana, na uzito uliosogezwa chini na nyuma. Kwa hiyo mpira hupaa mapema hata kwa mwendo wa wastani, na pigo lililokosea katikati kidogo halipotezi umbali mwingi. Mpini wake nao ni mfupi kuliko wa wudi, kwa kawaida inchi 40 hivi kwa haibridi namba 4, ilhali wudi namba 7 hukaribia inchi 42, na kadiri mpini unavyofupika ndivyo inavyokuwa rahisi kuufikia mpira kwa katikati ya uso.

Katika nyasi za kikuyu faida huongezeka. Ukingo wa chuma huingia katikati ya majani, majani yakazunguka shingo ya fimbo na uso ukajifunga, ilhali kitako cha haibridi huteleza juu yake. Hata hivyo, mpira ukiwa umezama kabisa, chukua chuma namba 9 urudi kwenye feawei, kwa sababu hakuna fimbo ndefu itakayokuokoa hapo.

UpepoWaPwani:
Ninaheshimu maelezo ya Fundi, lakini naomba tusikizike chuma kirefu mapema hivyo. Sisi tunaocheza Nyali na Vipingo tunakutana na upepo wa baharini, na mpira unaopaa juu husimama hewani na kupoteza umbali. Chuma namba 4 kilichopigwa chini chini hupenya upepo huo. Aidha, mchezaji mwenye mkono wenye nguvu mara nyingi huona haibridi ikimpelekea mpira kushoto, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulipenda.

DadaWaArusha:
Kaka UpepoWaPwani, hoja yako ni sahihi kwa mwenye mwendo wa kasi, ila wengi wetu hatuna kasi hiyo. Kwangu mimi hata haibridi namba 3, yenye uso ulioinama nyuzi 19, haipandishi mpira vya kutosha kutua na kusimama kwenye grini, yaani nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo. Wudi namba 7, yenye nyuzi 21 hivi, huupandisha mpira zaidi ukatua kwa upole, kwa kuwa uzito wake uko nyuma zaidi na mpini wake mrefu huongeza kasi. Kwa hiyo ningemshauri ndugu yetu aijaribu wudi namba 7 kwa mapigo marefu kutoka kwenye feawei, kisha haibridi namba 5 ichukue nafasi ya chuma namba 5.

MzeeKedi:
Nimebeba mikoba kwa miaka mingi, na tatizo ninaloliona si fimbo peke yake. Mchezaji akishika haibridi hudhani ni wudi, akajaribu kuukokota mpira uende juu. Weka mpira mbele kidogo ya katikati ya miguu, kisha piga kwa kushuka kama unavyopiga chuma. Mwinamo wa uso utaunyanyua wenyewe. Kando ya grini pia fimbo hii ni hazina. Mwaka 2004, huko Royal Troon, Uskochi, Todd Hamilton alimshinda Ernie Els katika mashimo ya nyongeza ya shindano kuu la Open, na kwenye shimo la mwisho aliuvingirisha mpira kwa haibridi hadi karibu kabisa na bendera. Na asiwepo wa kusema ni fimbo ya wanaojifunza: mwaka 2009, pale Hazeltine, Marekani, Y.E. Yang alitumia haibridi kutoka zaidi ya yadi 200 kwenye shimo la 18, akamshinda Tiger Woods na kutwaa shindano kuu la PGA Championship.

NyandaZaJuu:
Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Fundi, je, haibridi namba 4 ndiyo mbadala wa chuma namba 4 moja kwa moja?

FundiWaFimbo:
Usifuate namba, fuata nyuzi na umbali. Chuma namba 5 cha seti nyingi za siku hizi kina nyuzi 22 au 23, karibu sawa na namba 4 ya zamani, na haibridi yenye nyuzi zilezile kwa kawaida hupiga mbali zaidi kwa sababu ya mpini wake. Anza na umbali wa chuma chako namba 6, kisha tafuta haibridi inayokupa yadi 10 hadi 15 zaidi, halafu ya pili inayoongeza kiasi hichohicho. Pima hewani, yaani pale mpira unapotua, na upimie uwanja unakocheza zaidi, kwani Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake nyepesi huurefusha mpira kuliko Mombasa. Kuhusu kwenda kushoto, ambako UpepoWaPwani amekutaja kwa haki, mwombe muuzaji mpini mzito zaidi na kichwa kisichofungwa uso, na ukiweza upige mipira michache kwenye nyasi halisi kabla ya kulipa, kwa sababu zulia la mazoezi huficha pigo lililogonga ardhi kwanza.

DadaWaArusha:
Na ukipima, ndugu, ichukue wudi namba 7 siku hiyohiyo, kwa mipira ileile, ndipo ulinganishe.