Naomba ushauri: kutoa unjano kwenye kava la kompyuta ya zamani
Wakuu habari, nipo Mwanza huku Kirumba, nina Commodore 64 ya mjomba inawaka freshi tu ila kava limekuwa njano kama meno ya mvuta sigara, isipokuwa pale stika ilipobanduka ndo pamebaki rangi yake. Kusugua na sabuni wapi, unjano umo ndani ya plastiki yenyewe. Nasikia watu wanapaka hidrojeni peroksaidi, ile krimu ya saluni ya 12%, wanafunga nailoni halafu wanaanika juani, sasa jua la huku kanda ya ziwa si mchezo, krimu ikikauka si inaacha mabaka jamani? Aliyewahi kufanya aniambie niache masaa mangapi, na zile batani nizichomoe kwanza au?